Mikono imejaa samaki, kamera niivae wapi?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Mpondwe, wilaya ya Kasese, mpakani mwa Uganda na Kongo, nalifupisha kidogo: "Kaka habari. Mi nauza samaki sokoni hapa Mpondwe, nina watoto watatu, wa mwisho bado namfunga mgongoni. Toka asubuhi mikono yangu iko kwenye maji na magamba, simu siigusi mpaka usiku. Juzi nimepitia picha zote za kwenye simu nikakuta mimi na watoto hatuko pamoja hata kwenye moja, na hata wao wenyewe picha zao ni chache, wanakua tu hivi hivi. Nimesikia kuna kamera za kuvaa zinapiga zenyewe. Nina shilingi 400,000. Ninunue gani, niivae wapi, na wenzangu sokoni si watanichukia?"

Habari dada, pole na kazi. Swali lako nimekaa nalo siku mbili kabla ya kuandika maana ukilisoma vizuri ni maswali mawili yamefungwa kwenye kitenge kimoja. Unataka picha za siku yako na watoto bila kutumia mikono, hilo la kwanza. La pili unataka wewe mwenyewe uonekane. Sasa hilo la pili ndo watu wa maduka hawatakuambia ukweli wake: kamera ya kuvaa haimpigi aliyeivaa. Itapiga samaki, itapiga mikono yako, wateja, watoto wakija mbele yako, lakini wewe utabaki hauko, kama ulivyo sasa hivi kwenye simu. Nakuambia mapema usije ukatoa pesa yako yote halafu baada ya mwezi ukakuta picha elfu tano na sura yako haimo.

Mimi nililijua hilo Jinja. Kabla sijaanza kupiga harusi na kwanjula (sherehe ya Waganda ya bwana harusi kutambulishwa kwa wakwe) nilikuwa nafanya kazi na watu wa rafti, zile boti za mpira za kushuka maporomoko, kwenye mto Nile, kamera tunafunga kwenye helmeti, na msimu mzima nilioivaa mimi picha nilizopata za kwangu mwenyewe ni kasia na vidole. Lakini picha za wale niliokuwa nao banange zilikuwa nzuri, na uzuri wake ni huu: hakuna aliyekuwa anaiangalia kamera, wote walikuwa wananiangalia mimi. Nyumbani nikaja kuona kitu kile kile. Jumamosi moja niliivaa tu nikifanya kazi zangu, binti yangu alikuwa na miaka minne, akaja nimfunge kiatu, na kuna picha moja ameinua uso ananitazama anasubiri. Ile sura sikuwahi kuipata kwa simu hata siku moja, kwa sababu simu ikitoka tu mtoto anajipanga, anaweka mkono kiunoni, anacheka cheko la picha. Kwa hiyo zawadi ya kamera ya kuvaa ndo hii dada, kupata watoto wanavyokutazama wewe mama yao. Wewe kuonekana ni kazi nyingine, nitaifikia chini maana inawezekana na haina gharama.

Tuanze na pesa. Laki nne si pesa ndogo, hizo ni samaki wengi, kwa hiyo naomba usinunue kamera kwanza. Tumia simu uliyonayo wiki moja. Kuna vishikilio vya simu vya kuning'iniza shingoni, vile vya waya unaopinda vimefunikwa kwa sponji, au mkanda wa kifuani, bei yake ni kidogo ukilinganisha na kamera. Kama simu yako ni ya Android weka apu inaitwa Open Camera, ni ya bure kabisa, ndani yake kuna sehemu ya kurudia picha, unaiambia piga moja kila sekunde 30 na usisimame mpaka nikuambie, basi unaiacha. Ina pia setingi ya kupiga ikisikia sauti kubwa, kama kupiga makofi, hiyo nyumbani ni tamu sana lakini sokoni usiiwashe, kwa kelele za pale itapiga mpaka kadi ijae. Simu kwa namna hii inakula chaji kwa sababu kioo kinabaki kinawaka, na itapata moto, kwa hiyo itumie kwa muda wa saa moja tu kila mara, mara moja asubuhi na mara moja jioni, na ifungwe kwa kamba ya pili maana simu inayoning'inia kifuani mpakani penye watu wengi mwizi anaiona toka mbali.

Hiyo wiki moja itakufundisha kama kweli unataka kuvaa kitu kila siku au ulipenda tu wazo lake. Wengi wanaachia hapo na si vibaya. Ukiona bado unataka, ndo utafute kamera.

Kamera yenyewe, kwako wewe mwenye maji, chumvi na magamba, mi ningetafuta GoPro iliyotumika ya matoleo ya nyuma, HERO7 Black au HERO8, ukiipata nzima kwa pesa yako. Sababu zangu ni tatu na hakuna hata moja ya megapikseli, yaani zile namba za ukubwa wa picha. Inaingia majini mpaka mita 10 bila kifuniko chochote, kwa hiyo jioni unaisuuza tu kama sahani. Ina ule utulizaji wa video walioanza nao kwenye HERO7 mwaka 2018, video ya mtu anayetembea haitikisiki mpaka ukasikia kichefuchefu. Na inajua kupiga picha yenyewe kila baada ya muda unaoupanga. Jamaa aliyeianzisha, Nick Woodman, alikuwa anateleza kwenye mawimbi akashindwa kupiga picha kwa sababu mikono ina kazi, shida yake ilikuwa kama yako tu, na kamera yao ya kwanza ya 2004 ilikuwa ya filamu, ya kufunga kwenye kifundo cha mkono.

Vile vidogo vidogo vya kubana kwenye nguo kwa sumaku kama Insta360 GO vinapendeza na ni vyepesi, ile GO 3 ni gramu 35 tu, huhisi kama umevaa kitu. Ila bei imeruka pesa yako, na yenyewe bila kile kikesi chake inarekodi kama dakika 45 betri inakwisha, kwako umeme ukikatika utafanyaje. Miwani yenye kamera ya Ray-Ban Meta ilipotoka 2023 ilianzia dola 299, hiyo ni zaidi ya milioni ya kwetu, na miwani kwenye jua na maji ya samaki utaifuta siku nzima. Hizo tuziache.

Usije ukanunua vile vikamera visivyo na jina vimeandikwa 4K, yaani video yenye ukali mkubwa, kwa herufi kubwa kwenye boksi. Vingi sensa yake, kile kipande cha ndani kinachopokea picha, haifiki hapo, inavuta picha ndogo kuifanya kubwa, unapata ukungu mkubwa. Dukani sema unataka kujaribu, rekodi dakika tatu ukitembea toka ndani kwenye giza mpaka nje kwenye jua, halafu hamisha kwenye simu yako uangalie pale pale, kama muuzaji anakataa hilo, funga pochi yako uondoke. Na betri iangalie, ikiwa imevimba hata kidogo hapana. Memori kadi pia, hapa nazungumza kwa uchungu, niliwahi kupoteza kwanjula nzima ya watu kwa kadi iliyoandikwa gigabaiti 64 kumbe ndani ni 8, ilikuwa inapokea picha zote na kuziandika juu ya zile za mwanzo, baba wa bibi harusi alikuwa ameongea maneno ambayo hakuyarudia tena. Kadi mpya yoyote ijaze mpaka mwisho kwa mavideo ya ovyo halafu uyafungue yote, ukiona ya katikati hayafunguki irudishe. Kwenye kompyuta kuna programu ya H2testw inafanya hiyo kazi vizuri zaidi.

Kitu kingine angalia kama picha zinatoka kwenye kamera kwa waya au kwa kuchomoa kadi bila kulazimika kufungua akaunti ya kampuni. Kulikuwa na kakamera ka Waswidi kanaitwa Narrative Clip, kadogo kama biskuti, kanapiga kila sekunde 30, watu walikachangia kwenye mtandao 2012 na walikapenda sana, lakini picha zilikuwa zinategemea programu na huduma za kampuni, kampuni ilipoanza kufungwa 2016 watu walibaki na wasiwasi wa picha zao za miaka. Kadi unayoweza kuishika mkononi haifungwi na mtu.

Sasa kuivaa wapi, na hapa nitachukua muda kwa sababu ndo panapoharibu picha za watu wengi na hakuna anayepasema. Kamera ya mkononi unailenga kwa jicho, kamera ya kuvaa unailenga kwa mwili, kwa hiyo kifua chako kinaangalia wapi ndo picha inaangalia wapi. Maelekezo mengi yanasema bana kifuani, yameandikwa kama vile kifua cha kila mtu ni ukuta. Dada, kwa mwanamke ukibana katikati ya kifua lenzi inageuka juu, utapata mabati ya soko na mawingu, ukibana kwenye shingo ya gauni nguo inalegea na lenzi inaangalia miguu. Na wewe una mtoto mgongoni, fundo la kitenge liko mbele hapo hapo, kila ukipumua linaisukuma. Mahali pazuri kwako ni kwenye mkanda wa begani, karibu na mfupa wa bega upande usiotumia kisu. Kama unavaa eproni ndo bora zaidi, mwambie fundi wa kushona akuwekee kipande cha ngozi au jinzi nene pale juu begani ili kibanio kishike kitu kigumu, nguo laini inaachia kamera itikisike. Kwa kichwani, kofia inafuata uso wako hiyo ni kweli, lakini sisi kichwa tunakizungusha mno, mteja kushoto, chenji kulia, video yake haitazamiki.

Siku ya kwanza usitoke nayo sokoni. Ivae nyumbani, simama mlangoni, mwite mtoto wa kwanza asimame hatua mbili mbele yako, piga, angalia. Kama unaona kichwa chake tu chini ya picha inamisha kamera kidogo. Kumbuka watoto ni wafupi, kamera ya begani ikiwa imenyooka itampiga mtu mzima usoni na mtoto utosini. Mi naiinamisha kama vile nasoma kitabu nilichokishika tumboni.

Lenzi za hizi kamera ni pana sana, zinaona karibu kila kilicho mbele yako, na ubaya wa lenzi pana ni kwamba kitu cha mbali kinakuwa kadogo kama kuku. Mtoto akiwa mita tatu uso wake unakuwa mdogo mno. Akiwa mita moja au karibu zaidi, uso wake unaonekana vizuri. Kwa hiyo usisubiri picha za mbali, hizo simu itapiga, hii ni ya watu wanaokuja mpaka kwako, anayeomba hela ya chapati, anayekuonyesha daftari, anayelala mapajani. Ukiona kitu unakipenda simama wima sekunde mbili tu, usitembee. Chini ya mabati mwanga ni hafifu hivyo kamera inafungua lenzi muda mrefu zaidi, ukitembea kila kitu kinakuwa mistari.

Na jambo la sura zetu. Kamera ikiwa yenyewe inapima mwanga wa picha nzima, nyuma ya mtu kuna anga jeupe la mchana, yenyewe inadhani picha ni nyeupe mno inapunguza mwanga, matokeo yake anga linapendeza na mtoto wako mweusi anakuwa kivuli. Kwenye setingi kuna alama ya kujumlisha na kutoa, pandisha iwe +0.5, au +1 ukiwa chini ya kivuli na nyuma kuna jua. Anga litapauka, liache lipauke, anga la Kasese liko kila siku. Watu wa kamera hawatupangii hivyo toka kiwandani, lazima tupange wenyewe, na ukishapanga mara moja inabaki. Kila saa chache futa lenzi kwa kitambaa laini kikavu, mafuta ya samaki yakikaa kwenye kioo picha zote zinakuwa kama asubuhi ya ukungu.

Sekunde 30 kati ya picha na picha zinatosha. Ukiivaa saa 12 hizo ni picha 1,440, hakuna mwenye nguvu ya kuziangalia, kwa hiyo usiivae saa 12. Chagua saa moja au mbili za siku. Video nayo iwe kwa kitu maalumu tu, video ya 4K inaweza kula gigabaiti 27 kwa saa moja na huna haja nayo.

Tuje kwa wenzako sokoni. Swali hilo umeuliza mwisho, mi ningeliweka la kwanza. Tamaa ya kupiga watu bila wao kujua ni ya zamani, mwaka 1886 tayari Marekani kulikuwa na kamera ya kuvaa ndani ya kizibao, lenzi inachungulia kwenye tundu la kifungo, na kijana mmoja wa Norwei, Carl Størmer, aliyekuja kuwa mwanahisabati mkubwa, miaka ya 1890 alizunguka nayo mitaa ya Oslo akipiga wapita njia. Picha zile leo watu wanazisifu. Lakini Mpondwe si Oslo. Pale ni mpakani, kuna forodha, kuna polisi na jeshi, na baada ya waasi kushambulia shule ya Lhubiriha hapo hapo Mpondwe Juni 2023 watu wana haki ya kumtilia shaka yeyote aliyevaa kitu kinachorekodi. Kwa hiyo usiifiche hata siku moja. Funika pembeni kwa kitambaa cha rangi kali ionekane, waonyeshe majirani wa meza zako picha za siku ya kwanza, na mwenyekiti wa soko ajue kabla hajasikia kwa mtu. Ukielekea upande wa mpaka au ukiona askari, zima uvue uweke mfukoni, usibaki unaeleza.

Kisheria pia tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, na Katiba kwenye ibara ya 27 inalinda faragha ya mtu. Kukaa na picha za familia yako kwako si tatizo, ila siku utakayotaka kuweka WhatsApp au Facebook picha ya mteja au mtoto wa mwenzako, omba ruhusa, kwa mtoto omba kwa mzazi wake. Na kuna mahali kamera haingii hata ukiruhusiwa: zahanati, chooni, msibani, watoto wakioga, mama anayenyonyesha meza ya pili. Mteja anayekuja kukopa samaki pia, yule hakuja kupigwa picha.

Sasa lile la wewe kuonekana. Ivue. Ndo jibu lote, ivue uifunge kwenye nguzo ya kibanda chako, kimo cha kifua, mita moja na nusu toka unapokaa, ikuangalie wewe, kila sekunde 30, halafu endelea na kazi yako na uisahau. Dakika kumi za kwanza utakaa kama uko kanisani, baadaye utalegea, na picha nzuri zinaanza hapo. Google waliwahi kutengeneza kamera ya namna hii ya kuweka mezani ijichagulie yenyewe, Google Clips, ilianza kuuzwa 2018 na mwaka uliofuata wakaiacha, lakini wazo la kuiweka chini na kuiacha lilikuwa zuri. Nyumbani iweke juu ya kabati au dirishani wakati wa kula. Na njia ninayoipenda kuliko zote, mvalishe mtoto wako mkubwa nusu saa. Kamera ya mtoto inaona mama toka chini, mkubwa, na mtoto mwingine mgongoni. Nimefanya hivyo na familia kadhaa na kina mama wawili walilia mbele yangu walipoziona, kwa sababu hawakujua ndo wanaonekana hivyo kwa watoto wao.

Picha zikishapatikana usiziache kwenye kadi. Kulikuwa na kamera ya majaribio ya Microsoft, SenseCam, inaning'inizwa shingoni, na madaktari wa hospitali ya Addenbrooke's kule Cambridge waliijaribu kwa mama mmoja aliyepoteza kumbukumbu kwa ugonjwa wa ubongo. Alikuwa akikaa na mume wake kila baada ya siku mbili wanapitia picha za tukio, na alikumbuka mengi zaidi kuliko alipopitia matukio yaliyoandikwa kwenye daftari. Si kwa sababu kamera ilipiga, ni kwa sababu walikaa wakaziangalia. Kwa hiyo Jumapili jioni kaeni na watoto, chagueni picha 10, zingine futeni bila huruma, na mbili kati ya hizo kumi zichapishe kwa mtu wa studio pale Kasese mjini au Bwera, andika nyuma tarehe na nani yuko wapi.

Ukianza na simu wiki hii niandikie umepata nini, hasa zile za jioni kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili, mwanga wa saa hizo unapita chini ya mabati unafika mpaka kwenye meza, na kama shule ya watoto wako inafunga mapema hapo ndo watakuwa wanakuja kukusaidia kufunga. Usifute chochote cha saa hizo kabla hujaangalia.